Niliyeyusha Sarafu ya Kaka Yangu

Jamani, kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimechoka kulibeba, ndiyo maana naandika.

Mimi ni sonara hapa Bunda, Kabasa. Kaka yangu anaishi Butiama. Mwanawe wa pekee, aliyekuwaga na kazi ng'ambo, alimletea sarafu ya fedha yenye picha ya tembo. Haukupita muda kijana akafariki.

Kaka alipokwenda Mwanza kutibiwa, aliniachia ile sarafu. "Mdogo wangu, usiitoe kwenye kasha lake."

Nikaitoa! Uwanja wake, ile sehemu bapa inayomzunguka tembo, ulikuwa kioo kitupu, lakini tembo alikuwa na weupe kama ukungu. Nikaona ni uchafu. Nikasema nimfurahishe mgonjwa, nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia fedha. Ule weupe ukaisha, na kile kioo kikajaa mikwaruzo.

Aibu ikanishika. Sonara mzima! Nikaagiza nyingine yenye tembo huyo huyo, uzito ule ule. Ile ya kaka nikaiyeyusha, nikamtengenezea mteja hereni. Nilijiambia fedha ni fedha tu.

Kaka akarudi amekonda. Akaipokea, akaigeuza-geuza dirishani.

"Hii siyo."

"Ni hiyo hiyo, kaka."

"Mwanangu alinifundisha. Hizi zinazong'aa sawasawa kote ni za wanaoweka akiba, wananunua uzito wa fedha. Yangu ilitengenezwa ya kutazamwa, tembo mweupe kwa makusudi juu ya kioo. Nilikuwaga naona uso wangu pale nyuma ya tembo. Iko wapi?"

Nikakiri kwamba niliisugua nikaiharibu. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu.

"Basi nipe hiyo hiyo uliyoharibu. Mwanangu aliishika."

Lo! Nikamwambia nimeiyeyusha.

Akaurudisha mkono polepole, akauweka mapajani. Shemeji akaleta chai, ikapoa mbele yetu.

Mpaka leo hajanitukana. Ananisalimia, anaulizia watoto. Lakini funguo za nyumba yake, nilizokuwaga natunza mimi akisafiri, sasa anamwachia jirani. Nikimwambia "nisamehe, kaka", anajibu, "Nilishasamehe." Halafu anatazama pembeni. Heri angenichapa!

Ndugu zangu, usichokijua usikiguse, hata kama wewe ni fundi. Na ukiharibu cha mtu, usitafute cha kufanana nacho. Mpelekee kile kile kikiwa kimeharibika. Huenda ndicho pekee alichobaki nacho.