Ng'ombe Waliofutwa Masalani

Hanad wa Waberi alikuwa fundi wa kompyuta, na kama hukuwa na habari, mwenyewe angekuambia kabla hujaketi. Mradi mmoja wa chanjo ya mifugo pale Garissa ulimwajiri aandike skripti, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari, ili ikague majibu ya wafugaji na kuwaondoa ambao hawakujibu. Pasipo na jibu hapapelekwi chanjo. Ndivyo alivyotaka mkubwa wake, Bwana Keynan, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa la kupasua kichwa.

Basi skripti ikagoma. Kila ikifika kwenye swali la una ng'ombe wangapi, ilisimama na kulalamika kwamba aina hazilingani: imeambiwa itakuta nambari, imekuta maneno. Hanad akafungua majibu ya wafugaji wa Masalani. Lo! Wote wamejibu Alhamdulillah. Na nani asiyejua? Mfugaji wa huku hamtajii mgeni hesabu ya mifugo yake. Ni kuiitia jicho baya. Hanad alilijua hilo tangu ananyonya, ila siku hiyo alikuwa msomi, na msomi ana haraka zake. Akaiamuru kompyuta igeuze kila jibu kuwa nambari, litake lisitake. Maneno yaliyokataa kugeuka yakawa matupu, matupu yakafutwa, na skripti ikaenda hadi mwisho bila hata kukohoa.

Bwana Keynan akampigapiga begani, akasema ripoti iende Nairobi kabla ya adhuhuri. Hanad akaipitia tena, si kwa kukagua, kwa kujisifu tu. Masalani nzima haikuwemo. Akashtuka, maana ng'ombe waliomsomesha walikuwa hukohuko, wa hooyo yake, mama yake mzazi, Rukiyo, na homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshavuka mto.

Akampigia simu mama yake. Akambembeleza amtajie idadi, ya kwake tu, alitengeneze jambo kimyakimya.

"Watu wenu waliniuliza, nami nikawajibu," akasema Rukiyo. "Nilisema Alhamdulillah. Nani amesema sikujibu?"

Hanad akaona haya, haya ya kweli, ya kutaka ardhi immeze. Akaketi, akaubadilisha ule mstari wake wa kishujaa: majibu yote yasomwe kama maneno, na asiyejibu awe yule tu aliyeacha mahali patupu kabisa. Masalani ikarudi na watu wake wote.

Bwana Keynan alipoiona ripoti akawaka. Nairobi inataka nambari, akafoka, na Alhamdulillah ni ng'ombe wangapi? Hanad akamwambia wachanjaji watawahesabu wenyewe wakifika bomani. Mkubwa hakutaka kusikia. Akaamuru Masalani itolewe, sasa hivi, ama Hanad atafute kazi kwingine.

Lakini hooyo ni hooyo.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Na wewe, wale ngamia wako wa Wajir ni wangapi?"

Bwana Keynan akautazama mlango uliokuwa wazi, na watu waliokuwa wakipita nje. Akailegeza tai yake.

"Alhamdulillah," akajibu kwa sauti ya chini, kisha akaitia ripoti sahihi, Masalani ikiwa ndani.