Kaka aliniagiza press ya kujazia risasi, sasa gari la polisi likipita nabadilisha njia

Wakuu, salaam kutoka Deira, hapa Dubai. Kilichonikuta nakiandika kama kilivyo, chumvi sijaongeza.

Nafanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ofisi ya cargo, tunasafirisha mizigo ya watu kwenda nyumbani. Naipenda, na nina ndoto ya kufungua yangu.

Kaka yangu yuko Arusha, anaongoza wageni wa kuwinda. Risasi zimekuwa adimu, akaniagiza press, mashine ya mkono ya kujazia upya maganda yaliyotumika, ifanye za bastola na za rifle.

Mnatujua sisi wa huku, ukiagizwa na nyumbani husemi hapana.

Nikasoma mtandaoni. Kuna single stage, unavuta mkono hatua moja moja, polepole, ila kosa unaliona. Kuna progressive, inazunguka, kila ukivuta inatoka risasi nzima. Nikachagua ya kuzunguka. Kaka apate kitu cha maana bwana.

Ijumaa nikaingia duka la vifaa vya kuwinda. Nikauliza kwa sauti, meno yote nje.

Muuzaji akaomba labour card yangu, kitambulisho cha kazi, akaingia nayo nyuma.

Pembeni kulikuwa na mteja, mzee wa Kizanzibari, wale wa familia za zamani hapa. Akanisogelea.

"Mwanangu, kitu hichi hakiulizwi kama waulizia pasi. Kibali unacho?"

"Kibali cha nini, mzee?"

"Basi kadi ikirudi, toka. Usikimbie."

Kadi ilirudi, na photocopy yake ikabaki kwao. Tangu hapo arbab, bosi wangu, akiniita jina tu, najua wamempigia. Nawaza deport, nawaza jela.

Nikampigia kaka. Akacheka, akasema nitafute kwingine kimya kimya.

"Si wewe unayefunga? Ichomeke katikati ya nguo, nani atafungua?"

Wakuu, hapo niliogopa kuliko dukani. Kontena tulilokuwa tunapakia wiki ile lilikuwa na box la dada mmoja wa kazi za ndani, vyombo vya harusi ya binti yake, kavikusanya kimoja kimoja. Wakiikamata press, na vyake vinazuiliwa.

Nikamwambia, "Kaka, hii siwezi."

"Dubai imekubadilisha," akajibu, akakata.

Kontena limeondoka bila press. Simu zangu kaka hapokei.

Nilichojifunza: ukiagizwa kitu, uliza kibali kabla ya kuuliza bei.

Mliowahi kumkatalia kaka mkubwa, mlianzaje kuongea naye tena? Nisaidieni hapa chini. Polisi nawaogopa, ila huu ukimya wake ndio unaninyima usingizi.