Malachy Hataki Kumuudhi Fundi

Mume wangu Malachy ana adabu inayoweza kumuua mtu. Huku kwetu Clare, Ireland, ukifa majirani ndio wanaokuchimbia kaburi, na tangu anioe anaishi kwa hofu ya kukosa wachimbaji. Akipewa chai iliyopoa, anaisifu. Kinyozi akimkata sikio, yeye ndiye anayeomba radhi.

Basi Jumatatu Colm, fundi wa hapa kijijini, alitubadilishia mkanda wa injini. Gari likarudi linakohoa. Likisimama linatetemeka, likipanda kilima linataka kuzima.

"Mrudishie Colm," nikasema.

"Haiwezekani, Nuala. Atajisikia vibaya."

"Na sisi tunajisikiaje?"

"Injini itazoea tu."

Itazoea! Kwani ni mkwe mpya?

Ningemwacha na ujinga wake, lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Mdogo wake, Fergus, ambaye hawajaonana miaka ishirini tangu wagombanie shamba la baba yao, angepitia uwanja wa ndege wa Shannon akitoka Boston kwenda London. Angekaa pale saa chache tu kabla ya kuunganisha ndege. Aliandika: kama utakuwa na nafasi. Malachy akajibu: kama itawezekana. Kisha akajifungia bandani akalia. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Tangu hapo banda likawa baraza la mabingwa. Dessie mwenye baa akasema petroli imeingia maji. Concepta anayeleta barua akaapa ni betri. Padri akasema ni unyevu, maana kwake kila kitu ni unyevu, hata dhambi. Malachy akabadilisha plagi, akamwaga petroli, akasugua betri. Hakuna asichokigusa, isipokuwa pale alipopagusa Colm.

"Gari halikuwa na kikohozi kabla ya Colm," nikafoka. "Si uanzie hapo!"

"Nikifungua kazi yake, itakuwa kama nimemwita mwongo."

Ijumaa tukaondoka, yeye kavaa suti aliyonioa nayo. Kilima cha gereji kikatushinda. Gari likazima mbele ya mlango wa Colm hasa, kana kwamba limekuja kumshitaki. Colm akatoka anafuta mikono, akafungua boneti, akaingiza mkono mara moja tu. Mpira unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa unaning'inia. Klipu yake haikukazwa.

"Mbona hukuniambia, Malachy?"

"Sikutaka kukuudhi, ndugu yangu. Kazi yenyewe ilikuwa safi sana."

"Mimi nilikuwa nalisikia kila ukipita," Colm akasema, macho chini. "Nikajua umempa fundi mwingine akalivuruga. Nikaona nikisema, utaaibika."

Maria Mtakatifu! Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Mpira ulikazwa kwa dakika moja. Kuombana radhi kukala nusu saa, huyu "kosa langu," yule "hapana, langu," mpaka nikabonyeza honi bila kuiachia.

Tulipofika Shannon, hapakuwa na Fergus. Palikuwa na ujumbe kwenye simu ya Malachy: "Nimesubiri. Naona bado una kinyongo, na sikutaka kukusumbua. Nimeshapita ukaguzi. Mungu awabariki."

Malachy akausoma, akausoma tena. Nilimjua, nikawa nangoja aseme "si neno." Moyo uliniuma, nikamshika mkono. Lakini uso wake ulikuwa unapandwa na wekundu kutoka shingoni, jambo ambalo sijaliona katika ndoa yetu yote. Akapiga simu.

"Fergus! Nimekasirika!" Watu wenye mabegi wakageuka. "Nimekasirika miaka ishirini, na leo ndiyo nimezidi! Toka huko uliko, uje nikutukane uso kwa uso!"

Nikasikia mtu mzima analia ndani ya simu.

"Nakuja," akasema. "Kaka, usiondoke."