Farasi Aliyejua Kabla ya Baba

Enzi zetu pale Kianda, Kibera, mtoto hakutangazwa kwa keki ya rangi na maputo. Sisi tulikuwa tunacheza kati, kukwepa mpira wa makaratasi, mpaka magoti yanageuka kijivu, na habari njema ilitukuta tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Ila habari ya Nekesa, dada yetu mdogo, ililetwa na farasi. Wallahi tena!

Mama alikuwa mtunza farasi upande wa pili wa Barabara ya Ngong. Jumamosi alitubeba mimi na kaka yangu Wafula, tukitafuna mahindi choma njia nzima. Shuleni tulitamba: nani mwingine alirudi Kibera akinuka farasi?

Farasi aliyetunzwa na Mama aliitwa Chuma, dume jeusi lenye madharau. Aling'ata kofia za watu na kupiga ndoo mateke. Mama peke yake alimweza, na hata yeye alikokotwa uwanjani kama mkokoteni, gumboots zikiruka matope, kicheko kikisikika mpaka jikoni.

Basi msimu mmoja wa mvua, Chuma akabadilika. Akimwona Mama, anainamisha kichwa, ananusa tumbo lake taratibu, kisha anatembea kando yake kama bwana harusi. Akihimizwa akimbie, anagoma. Mama akiinua robota la nyasi, Chuma anauma aproni na kumvuta nyuma. Tulicheka mpaka tukagaagaa chini. Mama hakucheka, maana mwenye farasi alikuwa ameshasema: "Farasi wa mbio asiyekimbia ni wa nini? Nitamuuza."

Mama Shiro wa Kawangware, aliyewapikia wafanyakazi githeri ya mahindi na maharagwe, akamtazama Mama juu hadi chini. "Mama Wafula, hii farasi si mgonjwa. Ni wewe uko na mgeni kwa tumbo."

"Mgeni gani? Hizo ni chapati zako," Mama akajibu, lakini akainamia ndoo asimtazame. Baada yangu alikuwa amepoteza mimba mbili, na kwetu neno hilo halikutajwa tena.

Siku chache baadaye upepo uling'oa bati. Farasi mchanga akashtuka, akakata kamba, akaja mbio moja kwa moja alikokuwa Mama. Mimi nilipiga mayowe. Chuma akajitupa katikati, akasimama kama ukuta. Yule mchanga akamgonga bega, akayumba, akapita kando. Mama alikaa matopeni ameshika tumbo, analia na kucheka kwa pamoja. Mwenye farasi aliona yote kwa macho yake. "Huyu haendi popote," akasema.

Kesho yake Mama alienda kliniki. Jioni akamwambia Baba, seremala mpole kutoka Butere, kwamba ni kweli.

"Nani alikuwa anajua?"

"Chuma."

"Farasi? Kabla yangu?"

Baba akanuna, dakika nzima. Kisha akanyakua sufuria, akaigeuza ngoma, tukacheza isukuti ya Waluhya katika chumba kile kimoja mpaka ugali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo, na hakuna ugali uliowahi kuwa mtamu kama ule.

Nekesa alizaliwa salama, mapafu yake kama honi. Mama aliporudi kazini, Chuma alimnusa tumbo mara moja tu, akapiga chafya, kisha akamkokota uwanja mzima kwa mbio.

Juzi Nekesa mwenyewe alituita Kawangware, anatarajia mtoto. Rafiki zake vijana walikata keki, ndani rangi ya waridi, yaani msichana, simu zote juu. "Sasa nyinyi mlikuwa mnajuaje bila scan?" wakaniuliza. Nikawasimulia, wakadhani nawapiga fiksi. Keki ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Lakini video ilipokwisha, kila mtu aliinamia simu yake kuhesabu likes. Nikatamani tuzime zote, tuimbe kwa fujo, hadi jirani aje kutugongea mlango kuuliza kumezaliwa nani.