Siku Paipu Ilipolia Isukuti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na sufuria kichwani. Nilikuwa nimeambiwa mgodini wanatafuta mpishi, na kwa kupika obusuma, ugali wetu, sijawahi kushindwa na mtu. Nyapara wetu, mzee Lubanga, akaitazama ile sufuria. "Mama Khasiala, weka hiyo chini. Mpishi tulipata jana. Unaweza kuosha mchanga?" Nikasema naweza. Uongo mtupu. Nilijifunzia hapo hapo mtoni: unazungusha karai, mchanga mwepesi unatoka na maji, dhahabu kwa uzito wake inabaki nyuma kama unga wa mahindi ya njano.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, hapa Kakamega. Nyinyi vijana mkisikia stesheni mnafikiria basi. Nasikia kuna miji ya mbali ambako treni inapita chini ya ardhi na watu wanashuka ngazi kuingojea. Yetu pia ilikuwanga chini, ila abiria alikuwa jiwe. Shimo kuu lilishuka wima kama kisima. Pale lilipokutana na mshipa wa dhahabu, Wazungu wa zamani walichimba ukumbi, wakashikilia dari kwa magogo. Ndoo kubwa, ya mawe na ya watu, inasimama hapo kupakiwa, na hapo ndipo panaitwa stesheni. Njia moja inatoka ukumbini kufuata mshipa. Nyingine, fupi, inaenda kwa shimo la kukusanyia maji, na pampu inakaa huko. Stesheni ya kwanza tulikuwa tumeisafisha. Ya pili, chini yake, ilizama maji tangu Wazungu wafunge waende zao, na hayo maji ndiyo tulikuwa tunayatoa kwa pampu.

Mwenye winchi alipotuacha akaenda Mumias kwa kiwanda cha sukari, Nyapara akanipa mimi breki. Winchi ni ile mashine ya kuvuta ndoo. Wanaume walinung'unika! Tayari walikuwa na mwiko wao, kwamba mwanamke akishuka shimoni dhahabu inakimbia. Nyapara akawajibu, "Yeye hashuki. Na breki haijui nani amevaa rinda."

Tuliongea na watu wa chini kwa paipu ya maji, iliyotoka chini kabisa, ikapita pampuni hadi juu. Wanagonga kwa spana: moja simama, mbili shusha, tatu vuta. Ukikosea, mtu aliyeweka mguu mmoja kwa ndoo unamsaga kwa magogo.

Halafu Meneja wa kampuni akatuita. "Mvua ndefu ikitukuta hatujaiona stesheni ya pili, wenye kampuni watazima pampu. Kila mtu nyumbani." Mimi na watoto wangu tulikula kwa hiyo winchi. Msiniulize kama nilisali.

Siku moja mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Buyangu. Nyapara alishuka na wanaume wawili kuangalia maji. Kwa winchi tulibaki mimi na Hamisi wa Mumias, fundi wa injini, mtu wa salamu ndefu; wengine walikuwa mtoni wakiosha mchanga. Kisha paipu ikaanza kulia, si moja, si mbili, si tatu. Ikalia mfululizo kama imepagawa.

"Subhanallah! Maji yamewarudia!" Hamisi akaruka. "Vuta, Mama! Vuta!"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwa breki. Lakini sikio likakataa. Baba yangu alifuganga fahali wa kupigana, na fahali wake akishinda tulirudi naye nyumbani tukicheza isukuti. Hiyo ngoma naijua hata nikiwa na homa.

"Ngoja, Hamisi."

"Ningoje nini? Watu wanakufa!"

"Mtu anayekufa hapigi ngoma ya fahali aliyeshinda."

Lakini kama nimekosea? Nikachukua nyundo nikagonga paipu mara moja: simama. Ngoma ikakatika. Tukangoja. Kisha, polepole, safi: ko, ko, ko.

Nikavuta. Nyapara akatokea na wale wawili, matope hadi masikioni, anatingisha mabega. "Magogo yamesimama! Stesheni ya pili kavu!"

Nikamfokea mbele ya wote waliokuja mbio kutoka mtoni. "Mzee mzima! Ningevuta wakati uko nusu ndani, ungecheza na mabega gani?"

Mabega yakatulia. "Nilikuwa nimekanyaga ndoo, Mama," akasema. "Mguu mmoja."

Meneja naye akapiga mbio kuwaambia wakubwa wake pampu isizimwe. Haikuzimwa. Nilishika breki ile hadi nywele zikawa nyeupe, na sikumrudisha mtu juu akiwa ameumia. Sasa nakaa Amalemba, magoti yanauma, na nikisikia mtu anagonga paipu bado nahesabu.

Lakini sijamaliza siku hiyo. Nyapara alipomaliza kunawa alishika breki mwenyewe, akaniambia, "Ingia kwa ndoo." Wanaume wakaguna. Nikashuka na taa, nikapita stesheni ya kwanza, nikafika ya pili, nikasimama katikati ya ukumbi ule na rinda langu. Nikainua taa. Dhahabu haikuwa imekimbia. Ilikuwa pale ukutani, inang'aa. Nikachukua spana, nikagonga paipu isukuti yote, mwanzo hadi mwisho, na huko juu nikasikia wanaume wakiitikia.