Mstari wa Ziada

Muziki nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu viwili vya kuazima, kinanda cha kanisani na daftari ambamo kila kosa nililiandika na sababu yake. Kwa miaka mingi nilitunga nyimbo za kwaya yetu ya Butimba na za matamasha. Kisha mwongozaji mmoja wa filamu akaniomba wimbo wa tukio moja: mama anapanda kivuko kwenda Kamanga kumzika mwanawe. Sekunde hamsini, zisizidi.

Nilipiga hesabu ya mapigo, nikaandika nota kwa do-re-mi, jinsi waimbaji wangu wanavyosoma, tukarekodi. Jumatano mwongozaji akanipigia simu.

"Mwalimu, mama ameshashuka, ameshafika msibani, ninyi bado mnaimba."

Tulikuwa tumezidi kwa sekunde saba. Akasema asipopata wimbo unaotosha kufikia Ijumaa, ataweka muziki wa kompyuta. Ilikuwa filamu yangu ya kwanza. Nikiikosa, nani angeniita tena?

Kosa nililiona upesi. Kwaya yetu haimalizi wimbo bila kuuburuta mstari wa mwisho. Hakuna aliyetufundisha, kwetu wimbo usioburutwa haujaisha. Alhamisi niliwarudisha mwanzo mara sita, na mara zote sita wakaburuta.

"Wimbo si umeme, mwalimu, ukatike tu," alisema mzee wa besi.

"Na huyo mama ana haraka gani?" akadakia dada wa sauti ya kwanza. "Anakwenda kuzika, hawahi mnada."

Wakacheka. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikaandika mstari mpya chini ya ule wa mwisho, na kati ya mistari hiyo nikaweka pigo moja la kimya, pa kukatia. Nikarekodi tena: wakauimba ule wa zamani kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa haukuwa wa mwisho tena, wakauburuta mpya kwa raha zao. Nyumbani niliukata huo mpya kwenye kompyuta. Zilibaki sekunde hamsini.

"Hapo sawa," mwongozaji aliniandikia. "Nina filamu nyingine, tuongee."

Siku mimi na kwaya tulipoitazama filamu ile pamoja, mzee wa besi alinigeukia. "Mstari wetu wa mwisho uko wapi?"

Nikawaeleza nilichofanya.

"Kwa hiyo ulituchezea."

"Niliwachezea, mzee wangu."

"Haya. Kwenye tamasha tunauimba wimbo mzima."

Tuliuimba mzima, na kwenye mstari ule nikawaongoza taratibu kama walivyotaka.