Mtani Wangu wa Ofisi ya Kodi

Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kupokea, na ulikatwa kodi kama vile mimi ni waziri.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya kununua mahindi pale Msamala. Miezi kadhaa walikuwa hawajatulipa. Nilipochoka nikaandika barua ya kuacha kazi, na wao, sijui kwa aibu au kwa furaha ya kuachana nami, wakanilipa malimbikizo yote na likizo kwa mkupuo. Kodi haina macho jamani. Ilikuta mzigo umeingia ndani ya mwezi mmoja, ikadhani nimetajirika, ikanikata kwa kiwango cha matajiri. Mhasibu wetu, dada mmoja mwenye roho nzuri, alinivuta pembeni siku ninaaga. "Hapo umekatwa zaidi, dada. Nenda kwenye ofisi ya kodi ukadai, ni haki yako kabisa."

Basi, mimi na mdomo wangu! Kabla hata sijafika huko nikampigia mama, kijijini Mpitimbi. Nikamwambia mwaka huu tunalima kweli, mbolea ninaleta mimi, kodi yangu inarudi. Mama hakuuliza inarudije. Kesho yake aliuza nguruwe wake wote, mpaka dume la mbegu, akakodi trekta, akalimiwa shamba zima la bondeni, ambalo tangu baba afariki tulikuwa tunagusagusa kipande tu. Na udongo wetu ule, bila mbolea, unakupa mabua ya kulishia mbuzi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: fedha zisiporudi kabla ya mvua, mama hana nguruwe na hana mahindi.

Ofisini nilimkuta bwana mmoja wa rika langu dirishani, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Aliposoma jina la ukoo wangu kwenye kitambulisho akainua kichwa.

"Kumbe Mngoni! Na Wangoni siku hizi mnalipwa mishahara?"

Lafudhi ile ni ya Iringa. Mhehe, mtani wangu! Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutukanana kwa raha, na sisi wajukuu tumerithi.

"Afadhali sisi," nikamjibu. "Nyinyi, mbwa wakiwaona wanahama mtaa, wanajua wataliwa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Tukaendelea hivyo. Akadai kuku, fidia ya babu yake aliyekimbizwa vitani. Nikamwambia babu yake mwenyewe bado ana ng'ombe wetu. Huku tunatupiana maneno yeye anapekua karatasi zangu, na katikati ya vicheko akasema, "Hii haiwezi kwenda, Mngoni. Lazima mwajiri wako aandike barua, atenganishe malimbikizo, kila mwezi na mshahara wake. Bila barua hiyo, faili litalala hapa mpaka uzeeke."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Utazeeka wewe kwanza!"

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Lakini mtani hodari ndivyo alivyo, anakutukana mkavu kama anasoma taarifa ya habari, kwa hiyo nikaona huyu bwana ni fundi. Naye kuniona ninacheka akadhani nimeelewa. Akagonga mhuri wa kupokea, nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyetoka harusini.

Nikakaa kungoja. Kila Jumapili baada ya misa mama alipiga simu, na kila Jumapili nilimjibu "bado kidogo". Joto likapanda, watu wakaanza kutazama juu. Mawingu yalipoanza kusimama upande wa milima ya Matogoro nikarudi dirishani.

"Mtani, fedha zangu ziko wapi?"

"Barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

Akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilidhani unanitania," nikasema.

"Nilikuwa natania kwenye kuku, dada yangu. Kwenye barua sikutania."

Lo! Nilitaka kumtukana kwelikweli, lakini matusi yote niliyokuwa nayo tulishayatumia kwa mzaha. Ikabidi niseme ukweli mtupu. "Leo sitanii. Mama yangu ameuza nguruwe wake wote kwa sababu ya fedha hizi. Mvua ikinitangulia, nimemmaliza."

Akanivutia kiti upande wake wa ndani, akaniandikia kwa mkono wake nini kiwemo kwenye ile barua. Yule mhasibu aliichapa mchana uleule, bosi akatia sahihi bila kunitazama usoni, na asubuhi nikaipeleka. Mtani aliisoma mara mbili. "Sasa imekaa sawa," akasema. Hata kuku hakudai, nikajua mambo ni mazito.

Mvua ikatangulia. Ilinyesha usiku kucha, nami nikiisikia juu ya bati nikaona kama inanisema. Kulipokucha nikapiga simu.

"Mama, umepanda?"

"Nipande na nini? Wenzangu wote wako shambani. Mimi nimekaa na mbegu yangu ndani, nakusubiri wewe. Si ulisema unaleta?"

"Panda tu, mama, nakuomba!"

"Siwezi. Wewe leta mbolea."

Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Tangu hapo kila ofisi ilipofunguliwa mimi nipo mlangoni, na mtani wa watu akipiga simu makao makuu hadi sauti ikamkauka. "Huyu mama hana msimu mwingine wa kungoja!" nilimsikia akisema. Na siku moja, niko sokoni nanunua dagaa, ujumbe wa benki ukaingia. Dagaa niliwaacha hapohapo. Nikakimbilia Majengo kwenye duka la pembejeo, nikanunua mbolea, nikakodi kirikuu, kale kagari ka mizigo, tukateleza kwenye tope hadi Mpitimbi huku nikimhimiza dereva kama mgonjwa yuko nyuma.

Tulipofika bondeni nikashuka, nikasimama. Shamba zima lilikuwa kijani. Mahindi yamechipua mistari kwa mistari, na mama yuko katikati na jembe lake.

"Mama! Si ulisema hujapanda?"

"Nilipanda siku ileile ya mvua ya kwanza. Mimi nina wazimu niiache mvua ipite?"

"Sasa kwa nini ulinidanganya? Mimi huko nimekonda!"

Akapangusa jasho kwa upande wa khanga. "Ningekwambia nimepanda, ungepoa, ungeacha kufuatilia. Kazi uliiacha. Nikaogopa na hili utaliacha."

Hakusema kwa hasira. Iliniuma kuliko kama angenifokea. Dereva akapiga honi, anataka kushusha mzigo wake aondoke.

Tukashusha. Mama akafungua mfuko wa kwanza, akanipa kizibo cha soda cha kupimia, akanionyesha mstari wa juu kabisa.

"Anzia pale. Kizibo kimoja kila shina. Na usiruke hata moja."

Nikavua viatu. Tulimaliza kesho yake jioni, na sikuruka hata moja.